Salimu Alipoonyesha Tumbo Lake

Mishi wa Munje hakuwa bubu. Ukipita uani kwake anaposhona makuti, usimsalimu, utayasikia yako. Lakini akishavaa buibui akatoka na mumewe Salimu, kimya! Mbele ya mwanamume wa kando, Salimu ndiye aliyemsemea. Ndivyo walivyolelewa, na hapana aliyeona ajabu.

Mwaka 1956 akatoka uvimbe kinenani. Akikohoa unatokeza, akilala unarudi. Salimu akampeleka hospitali, na daktari, mwanamume, akauliza kunauma wapi. Mishi kainamisha uso. Salimu naye akaona kutaja kinena cha mkewe mbele ya mwanamume mwenziwe ni sawa na kumvua nguo. Akajigusa yeye mwenyewe, juu ya kitovu: "Hapa." Daktari alipotaka kumpapasa mgonjwa, Salimu akakataa katakata. Basi wakarudi Munje na chupa ya dawa ya tumbo. Chupa, jamani!

Msimu wa kupanda mpunga uvimbe ukatoka, ukagoma kurudi. Mishi akatapika mpaka nyongo. Akapakiwa kwenye lori la nazi, kichwa mapajani mwa mumewe. Walipofika hospitali, yule daktari wa kwanza alikuwa Mombasa hadi kesho yake. Aliyekuwapo ni daktari mwanamke, Mzungu mwembamba, Kiswahili chake kikichechemea. Akamtoa Salimu nje, akavuta pazia.

"Onyesha, mama."

Mishi akaonyesha, tena akaeleza tangu siku ya kwanza, hata daktari akamwambia yatosha. Uvimbe ule ulikuwa ni utumbo uliotokeza, sasa umenaswa, na ilibidi apasuliwe saa ileile.

Salimu kusikia, akaruka. "Mwanamke ampasue mtu? La, twamngoja bwana daktari!" Alikuwa na hofu, maskini. Alikwisha kuambiwa kwamba mwanamke akiona damu mkono humtetemeka.

"Ukingoja kesho utazika," daktari akamjibu.

Salimu bado anasitasita, sauti ikatoka nyuma ya pazia, wauguzi na wagonjwa wote wakasikia: "Nipasueni! Mwenye kufa ni mimi!"

Akapasuliwa. Kipande cha utumbo kilichooza kikakatwa, akashonwa, akapona. Na Salimu, ajabu ya Mungu, akageuka mhubiri. Kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alielezwa kuwa wanawake wapasuliwe na wanawake wenzao, mkono wao mwepesi, una baraka. Mishi akavumilia weee, hata siku alipokuja shemejiye Abdurahman na hadithi ikaanza upya.

"Mkono gani?" akasema. "Yule wa kwanza naye angenipasua, tena kabla utumbo haujaoza. Lakini hakunitibu mimi. Alitibu tumbo lako, bwana."

Abdurahman akaangua kicheko.  Salimu ndipo akaona jinsi alivyokaribia kumzika mkewe, na yote hayo kwa kumstahi.