Ua la Unga Mlangoni kwa Bibi Kanta

Harufu ya unga wa mchele ikichanganyika na moshi wa udi hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi ilinikuta sokoni Ruangwa nikibishania bei ya ufuta na bwana mmoja mwenye mizani ya kutilia shaka, nikapoteza hesabu. Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili!

Nilikuwa na miaka kumi, nikikaa Nachingwea kwa mama mdogo, aliyefanya usafi kwa Bibi Kanta, Mhindu mzee mwenye duka la vitambaa. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, bibi huyo alichora mlangoni ua kubwa la unga wa rangi. Wenyewe huliita rangoli. Mwaka ule magoti yalimgomea, kazi akanipa mimi.

Nilianza alfajiri. Nukta kumi na moja kwa kumi na moja, jumla mia moja ishirini na moja. Nikazihesabu, nikazihesabu tena, nikaziunganisha, nikajaza nyekundu na manjano. Nilikuwa na sababu: mama yangu alikuwa anakuja kutoka Ruponda. Miezi mitano shamba halikumpa nafasi, na nilitaka alikute ua langu zima. Basi nikaburuta viti viwili vya dukani, nikaziba mlango.

"We mtoto, tupitie wapi, juu ya bati?" fundi cherehani mmoja akafoka.

"Subirini. Mama yangu hajaona."

Bibi Kanta akatoka, akacheka, akaondoa viti mwenyewe. Kisha akapita peku katikati ya ua.

"Bibi! Nukta mia moja ishirini na moja hizo! Nimehesabu mara mbili!"

"Mara ya kwanza umehesabu nukta, mjukuu wangu. Mara ya pili umejihesabu wewe." Akawapungia wateja waingie. "Hii 'mimi, mimi', sisi tunaiita ahankara. Leo ndiyo tunaitandika chini ya miguu ya wageni. Sasa Mungu akija akute viti mlangoni, ataingilia wapi?"

Maneno mazuri. Ningeweza kumng'ata. Nilisimama pembeni nikihesabu miguu iliyoniharibia, na kila mguu niliulaani peke yake.

Mama aliposhuka kwenye bodaboda na kikapu cha korosho, pale mlangoni palibaki vumbi la rangi tu. Akavua ndala kwa adabu, akapita juu yake.

"Mama, umekanyaga kazi yangu!"

"Kazi gani, Somoe? Si vumbi hili? Hebu njoo nikuone, umekua!"

Sikwenda. Nilimpa mgongo. Alikaa jikoni na mama mdogo, akanibangulia korosho moja moja, akaziweka kwenye kisahani karibu yangu. Sikugusa hata moja. Alasiri akaondoka, nyayo zake nyekundu na manjano, bila kujua amebeba nini.

Miaka mingi hasira hiyo nilimwekea Bibi Kanta. Sasa nina binti anayesoma bweni, nami hupanda gari kwenda kumwona, na hasira imehama nyumba. Mama hakutoka Ruponda kuja kuangalia ua. Alikuja kuniona mimi, nami nilikuwa nimeziba mlango.

Siku ile nimeipigia hesabu, mara mbili kama kawaida yangu. Alikaa saa nne. Nilimnunia zote nne. Narudia, haipungui.