Irabu Moja ya Mama

Kwenye mabango ya sinema aliitwa Fidel Segura. Jina la ubatizo lilikuwa Fidencio Segundo, mtu wa kabila la Wamazahua wa vilimani, wenye lugha yao wenyewe, ila hilo alilitupa mapema, angali mfagiaji wa hema la maigizo katika Jiji la Mexico. Siku moja mchekeshaji aliugua, Fidencio akasukumwa jukwaani, akabaki ameduwaa. Mtu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma, "We kijana!" Naye kwa woga akaitika kama mama yake: "Mandi!"

Watu wa huko wakiitwa huitika "mande", yaani niamuru. Mama yake, ambaye Kihispania alikipata ukubwani, ile e ya mwisho haikumkaa mdomoni. Hema zima likavunjika mbavu.

Kwa irabu hiyo moja Fidencio alikula miaka ishirini. Alimzua Chilo, mpagazi wa sokoni mwenye kofia ya majani, ambaye kila akiitwa huruka na kusema "Mandi!" Filamu tisa, kisha televisheni kila Alhamisi. Hata watoto shuleni wakawa wanawaitikia hivyo walimu wao. Alimjengea mama nyumba ya matofali kijijini, akamnunulia jiko na kitanda. Televisheni hakumnunulia. Na asitokee mtu kuniambia hakujua alichokuwa akifanya. Alijua, na aliona aibu, na kila Alhamisi alikwenda kazini.

Mama, Doña Hermila, alipoanza kuumwa macho, ikabidi amlete mjini kwa daktari. Walikaa kwenye foleni, Fidencio kavaa miwani myeusi.

"Hermila Segundo!" muuguzi akaita.

"Mandi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Bibi huyu kiboko!" kijana mmoja akasema. "Hebu rudia, bibi!"

Mama akadhani hakusikika. "Mandi!" akasema kwa nguvu zaidi.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu akamkodolea macho Fidencio. "Jamani, si Chilo huyu! Ndiyo maana bibi anakuiga barabara. Umemfundisha wewe?"

Hapo ndipo angesema. Ilitosha kusema kwamba mwigaji ni yeye. Badala yake alivua miwani, akatoa lile tabasamu la kwenye mabango.

"Nimemfundisha mwenyewe. Mwanafunzi mgumu, lakini anajitahidi."

Wakacheka tena. Mama naye akacheka kidogo, akitazama uso mmoja baada ya mwingine.

Walipotoka kwa daktari, mama alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili. Fidencio akaendesha gari. Aliomba moyoni mama amtukane, ampige kofi hata, ayamalize.

"Fidencio."

"Mande, mama."

"Ehee. Kumbe hivyo ndivyo inavyosemwa."

Uso ulimwaka moto. "Mama, wewe hujakosea kitu."

"Usinidanganye. Watu wananicheka miaka yote hii, na wewe unasikia, unaniacha tu?"

"Mama, mimi ndiye..."

"Umewaambia umenifundisha. Basi nifundishe kweli, baba, nisije nikakuaibisha tena mbele za watu."

Fidencio akaegesha gari kando ya barabara, akazima injini. Mama akajiweka sawa kitini, akakunja mikono, akamgeuzia sikio, akisubiri.