Mama Mkwe, Kuku na Kiroba cha Maganda

Mke wangu aliponiambia kwamba mama yake angekuja kukaa nasi wiki mbili, jambo la kwanza nililolifikiria halikuwa chakula wala kitanda. Nilifikiria kiroba.

Kilikuwa nyuma ya jiko, katika nyumba yetu ya Chanji, kimefungwa kamba mdomoni. Kwa miezi miwili nilikuwa nimekilisha kila kilichotoka jikoni: maganda ya viazi, majani ya kabichi, makoko ya ugali, machicha ya chai na, kwa ari iliyopita kiasi, vichwa vya samaki. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu, nikajifunza kwamba taka za nyumbani hugeuka mbolea bila pipa maalumu. Sehemu ya pili, iliyohusu hewa na nyasi kavu, sikuifikia; bando liliisha.

Jirani yetu, mama mwenye duka la vitenge, alikuwa ameshachungulia ukutani mara mbili. Mara ya kwanza alikohoa tu. Mara ya pili alisema, "Jirani, kama mna msiba semeni, tuje tukae. Msiufiche."

"Baba watoto," mke wangu akaniambia siku hiyo, "mama anafika Jumamosi. Chagua: kiroba au heshima yako."

Hapo aligusa penye kidonda. Miaka kumi na sita iliyopita, nilipofika kwao Pito kujitambulisha, shahada yangu ikiwa mpya kabisa, mama yule aliviangalia viganja vyangu, kisha akawaambia waliokuwapo, nami nikisikia: "Amesoma, sawa. Lakini mikono hii haijawahi kulisha mtu." Tangu hapo hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Desturi aliyolelewa nayo inamtaka mama mkwe akae mbali na mkwewe wa kiume, nami naiheshimu. Ila siku zote nilihisi kwamba adabu ile ilikuwa ikisaidiwa na dharau. Nilitamani, angalau mara moja katika uhai wetu, anione mtu anayejua udongo. Kwa hiyo sikukitupa kiroba. Nilikihamishia nyuma ya choo, nikitumaini kwamba choo kingebeba lawama.

Alifika amevaa sweta juu ya kitenge, na kuku jike kwapani.

"Shikamoo, mama," nilisema kwa mbali.

"Marahaba," aliijibu fremu ya mlango.

Jumapili, tuliporudi kanisani, tulimkuta kuku ameshakidonoa kiroba na kukitoboa. Harufu iliyotoka sitaieleza. Kuku wa Pito, asiyechagua chakula, alichungulia mle ndani, akarudi nyuma hatua tatu. Mama mkwe alisimama kando yake.

"Kuku wangu," alisema, "umeona? Mtu amefunga chakula cha shamba ndani ya plastiki. Kitapumulia wapi?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Sikuwa na njia nyingine. "Kuku," nikasema, "mwambie mama nilikuwa natengeneza mboji."

"Mboji! Kuku, hebu muulize huyo bwana: kwao hawalimi ntumba?"

Ntumba ndivyo vilima ambavyo wakulima wa Ufipa huvitengeneza mvua zinapoelekea kwisha: nyasi hulazwa chini, hufunikwa kwa mabonge ya udongo yaliyopinduliwa, maharage hupandwa juu, na msimu unaofuata kilima hutawanywa kikiwa kimeshaiva, ulezi ukapandwa. Nilivifahamu mno. Niliviandikia utafiti wangu wa chuo kikuu, nikavichora kwa rula, nikasifiwa. Mama yangu mzazi alikuwa akilima, nami nikimfuata nyuma na futi kamba, nikipima urefu wa alichokwisha kulima. Jembe sikulishika. Wala haikunijia hata siku moja kwamba ganda la kiazi linaweza kuozea pale pale linapoozea jani.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia mke wangu, "mpe huyo bwana jembe."

Nilivua koti la kanisani. Vichwa vya samaki nilivifukia peke yake, kwenye shimo refu, mbali na pua za mbwa. Kisha nikatandaza nyasi kavu, juu yake maganda kwa tabaka jembamba, majivu ya jikoni, halafu nyasi tena. Mwisho nikakata mabonge ya udongo yenye majani, nikayapindua yakafunika vyote.

"Kuku, mwambie asishindilie! Si kaburi hilo."

Kichwa cha jirani kikachomoza ukutani. "Haya, jirani, mazishi lini?"

"Ndiyo tunazika," nikamjibu, nikihema.

"Poleni sana," akasema, akatazama kwa muda mrefu. Siku ya tatu, baada ya kunusa na kukosa cha kulalamikia, alileta beseni la maganda ya ndizi za kwake.

Mama mkwe alipokuwa akijiandaa kuondoka, tulikuwa na vilima vitatu, na maharage yalikuwa yameshatoa majani mawili mawili. Niliinama kuyatazama, nikajisahau, nikarudi nyuma kwa fahari.

"Baba! Toa mguu, unakanyaga maharage!"

Mke wangu alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mama mkwe akageuka kulia, akageuka kushoto, akimtafuta kuku ili amkabidhi maneno yaliyomtoka. Lakini kuku tulikuwa tumemla Alhamisi.

"Nimesikia, mama," nikamwambia yeye mwenyewe, nikatoa mguu.

Akaviangalia viganja vyangu. Vilikuwa na malengelenge mawili yaliyopasuka. Alipanda bajaji, akaupanga mzigo wake magotini, ndipo akatoa kichwa nje.

"Usiyamwagie maji mengi," akaniambia.