Fisi Waliosimamisha Pembe za Kongo

Enzi za Mdachi, reli haijafika Dodoma, Kudra alikuwa kirangozi: ndiye aliyewatangulia wapagazi, na ndiye aliyepiga ngoma ya kuondoka kila asubuhi. Miaka ishirini alitembea hivyo, ngoma kwapani, bila kubeba hata kibuyu kichwani, na alijisifu kwa hilo mpaka watu wakachoka kumsikiliza.

Safari ile walitoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na pembe za ndovu. Walinusurika na tufani ziwani, wakanusurika na watu wa forodha Ujiji, wakanusurika na ndui Tabora. Walipoingia Ugogo, Kudra akaona ngoma yake imefifia sauti. Akaipaka mafuta ya mkia wa kondoo, tena akaipaka vizuri, kisha akaiacha nje ipate hewa. Fisi wakaona wamepikiwa. Asubuhi ngozi yote imeliwa, palibaki mzinga mtupu wa mti.

Wapagazi wakakalia mizigo yao. Kuondoka bila ngoma ni mkosi, nani asiyejua? Kudra akabembeleza, akatukana, akapiga sufuria. Hawakuinuka. Na visima vya mchangani pale kambini vilikuwa na maji ya siku ile tu, huku mbele kuna pori la siku mbili lisilo na tone. Wakikawia, kiu itawamaliza, na lawama ni yake. Kudra aliogopa kwelikweli.

Akaenda kwa Loisi, mjane wa Kigogo aliyekaa jirani na visima, kuazima ngoma.

"Huku ngoma hii hupigwa na wanawake," Loisi akamwambia. "Nikikupa wewe, nitachekwa mpaka kaburini."

"Basi njoo uipige wewe, dada yangu."

Loisi akaja, akaibana mapajani, akapiga. Wapagazi wakainuka wote, mizigo kichwani. Ndipo mmoja akauliza, "Na kesho porini, atapiga nani?" Wakakaa tena.

Kudra akamtazama Loisi kwa macho ya kuomba.

"Nitakwenda," Loisi akasema. "Lakini sibebi."

Siku ya tatu wakaingia Mpwapwa, wote wazima. Abdulkadiri, mpokeaji wa mali, alikuwa mgeni pale. Akauliza kirangozi ni yupi. Wapagazi wakamwonyesha Loisi, aliyetangulia mikono mitupu.

"Na huyu mzee mwenye ngoma kichwani?"

Kudra akaitua taratibu, akapangusa jasho.

"Mpagazi, bwana," akajibu mwenyewe. "Kazi bado ninajifunza."