Mchanga wa karanga na treni ya Papa Buunda: kisa cha depo ya mgodini, Walikale

Wakuu, salamu kwenu popote mnapousomea uzi huu.

Leo sina picha wala karatasi ya kuwaonyesha. Nina maneno ya bibi yangu, na shimo moja nililoliona kwa macho yangu mwenyewe. Atakayebisha abishe. Nitasema jambo lilivyokuwa, hata pale linapomvunjia heshima babu yangu.

Mimi ni wa Masisi, mtoto wa wakulima wa maharage. Nimepita miaka arobaini na bado sijatulia. Nimekaa Goma, nimekaa Hombo, nimefika hadi Pinga nyuma ya pikipiki. Nikimaliza miezi sita mahali pamoja, miguu inaniwasha.

Mwaka jana nikiwa Kashebere, miguu iliwasha tena. Nikamwambia mwenye pikipiki anipeleke ndani ya msitu mpaka njia imshinde, kisha nikaendelea kwa miguu.

Nilikuwa naitafuta depo, yaani karakana ya treni, aliyofanyia kazi babu.

Nikaikuta, wakuu. Au niseme nililikuta lililobaki: sakafu ya simenti iliyopasuka, vipande viwili vya reli vimetokeza kwenye majani, na lile shimo refu ambamo mafundi walisimama kutengeneza treni kwa chini. Sasa limejaa maji. Akina mama wa kijiji wanalowekea mihogo humo.

Nilikaa pale saa nzima. Na kisa chote alichonisimulia Koko (ndivyo tunavyomwita bibi kwetu) kikasimama mbele yangu.

Alinisimulia nikiwa bado sekondari, siku tunapukuchua maharage wawili tu. Babu alikuwa ameshafariki. Nadhani alimngoja afariki kwanza.

Turudi nyuma.

Miaka ya arobaini, mawe yenye madini ya bati yalitoka mgodini juu ya mabega ya watu na kwenye vigari vya kusukuma. Baadaye kampuni ikatandika reli nyembamba na kuleta treni tatu ndogo za mazutu, yaani dizeli. Msiwaze treni kubwa za Katanga. Hizi, ukisimama kando, unaona kofia ya dereva aliyesimama upande wa pili.

Depo ilijengwa kwa ajili yake. Bati juu, shimo katikati, meza ya vyuma, mapipa ya mazutu ukutani. Kila asubuhi kazi ilikwenda hivi: kuosha filtre, yaani chujio, kupima mafuta, kuingia shimoni kutazama breki, kisha kuzungusha manivele, ule mkono wa kuwashia, mpaka mashini ikohoe na kuwaka. Koko alisema kambi nzima ya wafanyakazi iliamka kwa kikohozi kile.

Halafu kulikuwa na mchanga.

Mnaijua mvua ya Walikale. Reli ikilowa ni kama sabuni, na njia ile iliteremka kutoka mgodini hadi depo. Kwa hiyo kila treni ilikuwa na sanduku la mchanga mkavu. Dereva, yaani makinisti, akivuta mkono fulani, mchanga unamwagika mbele ya magurudumu, nayo yanashika. Bila mchanga, breki peke yake haitoshi.

Mwenye mchanga alikuwa babu yangu, Papa Ndoole. Aliuchota mtoni, akauosha, akauchekecha, akaukausha juu ya bati la moto hadi ukawa laini kama unga. Kazi ya mgongo kweli. Aliifanya vizuri kwa sababu aliahidiwa kwamba nafasi ya makinisti ikipatikana, atakayepanda ni yeye.

Sasa, kwetu karanga zinakaangwa ndani ya mchanga wa moto, ili zisiungue. Na mchanga gani uliokuwa mzuri kuliko wa depo?

Koko alianza kuomba karai moja. Jirani akaona. Mwishowe safu nzima ya nyumba za wafanyakazi ilikuwa ikichukua mchanga jioni. Babu hakuwakatalia. Aliweka sharti moja tu: asubuhi urudishwe. Yeye njo, yaani ndiye, alikuwa anaubeba kutoka mtoni, hakutaka kuubeba mara mbili.

Na walirudisha, wakuu. Watu waaminifu kabisa. Hata punje haikupotea.

Jumatatu moja, mvua ikinyesha, makinisti aitwaye Papa Buunda aliteremka na vigari sita vimejaa mawe. Alikuwa mkubwa wa makinisti wote, mtu wa Masisi kama sisi. Akavuta mkono wa mchanga. Magurudumu yakateleza. Akavuta tena. Yakateleza zaidi.

Treni iliingia depo bila kusimama, ikavunja mlango, ikatumbukiza pua shimoni. Kwa neema ya Mungu mafundi walikuwa wametoka kunywa uji. Hakuna aliyekufa.

Ila jana yake, Jumapili, Papa Buunda alikuwa kwenye harusi ya binti wa dada yake. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilinyweka. Muzungu mkubwa wa depo, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Filimbi kwa sababu ya ile filimbi ya shingoni, alimnusa mdomo mbele ya watu.

"Mulevi," akasema. Akaandika.

Uamuzi ulikuwa Alhamisi. Kila mtu aliujua tayari: Papa Buunda atafukuzwa, nyumba ya kambi itachukuliwa, atarudi Masisi kwa miguu na watoto saba. Na kiti chake kingekuwa cha nani? Cha babu yangu.

Jumatatu ileile babu alitumwa kuondoa mchanga kwenye lile sanduku. Akaingiza mkono. Mchanga uliganda kwenye vidole kama ugali. Akaunusa. Akakuta ganda moja jekundu, jembamba, la karanga.

Mchanga uliokaangiwa karanga mara moja hauna neno. Ukikaangiwa wiki baada ya wiki unakunywa mafuta. Babu alikuwa akimwaga mafuta juu ya reli akidhani ni mchanga.

Alirudi nyumbani, akakaa. Koko akamuuliza kama anaumwa.

"Ile muchanga munaleta asubui, munaifanyaka nini mbele ya kurudisha?"

"Tunakaangia karanga, si unajua? Na weye unakulaka."

"Na munarudisha ileile?"

"Weye njo ulisema turudishe! Ao ulitaka tuibe muchanga ya Bazungu?"

Babu akamwonyesha lile ganda. Koko alisema chakula kilipoa bila kuguswa.

Kisha babu akasema, "Tunyamaze."

Jumanne akanyamaza. Jumatano akanyamaza. Kazini watu walikuwa wameshaanza kumtania, "Makinisti, utatupeleka lini?" naye anacheka nao. Mke wa Papa Buunda alikuwa anakunja mikeka. Watoto wa kambi walimfuata Papa Buunda mwenyewe wakitembea kwa kupepesuka, wakimwigiza mlevi.

Koko aliyaona hayo akiwa kisimani. Alirudi, akasimama mlangoni.

"Papa Ndoole, unasali wapi?"

"Swali gani hiyo?"

"Nauliza. Sababu ile Mungu tunasaliaka pamoja, iko anaona ganda ya karanga pia. Ukipanda kwenye ile kiti, mimi narudia kwa baba yangu."

Alhamisi asubuhi babu alisema yote mbele ya Bwana Filimbi. Muzungu alicheka sana. Karanga kusimamisha treni? Akamwambia asimtetee ndugu yake wa kabila kwa hadithi za jikoni.

Ndipo Koko akaingia depo. Mwanamke hakuwa na ruhusa kukanyaga mle. Aliingia na makarai mawili, moja kichwani na moja mkononi, mchanga mpya na mchanga wa karanga, akayaweka chini.

"Bwana, usituamini. Jaribu."

Wakatoa treni nyingine hadi kwenye mteremko. Wakalowesha reli. Papa Buunda mwenyewe akapanda bila kumtazama mtu. Kwenye mchanga mpya magurudumu yakauma. Kwenye mchanga wa karanga yakazunguka palepale, yanalia, mashini haisogei.

Bwana Filimbi hakucheka tena. Aliinama, akachukua mchanga ule, akausugua vidoleni kwa muda mrefu.

Papa Buunda akabaki na kiti chake. Babu, kwa kugawa mchanga wa kampuni, akafukuzwa kazi na kuondolewa kambini.

Ndiyo maana mimi nilizaliwa kwenye maharage, sikuzaliwa kwenye reli.

Siku ya kuondoka, babu na Koko walianza kutembea kando ya reli na mizigo yao. Treni ikawafikia, ikasimama. Kubeba abiria kulikatazwa. Papa Buunda akapakia mizigo kwenye kigari, akawapeleka hadi reli inapoishia.

Pale akashuka. Akamshika Koko mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, aksanti."

Kisha akamgeukia babu.

"Ndoole, ulisema kweli, na umepoteza kazi. Nimeona. Lakini Jumanne na Jumatano watoto yangu walikuwa wanasikia baba yao anaitwa mulevi, na weye ulikuwa unajua. Ile siku mbili, utanielezea kwa Mungu."

Akapanda bila kumpa babu mkono, akarudi nyuma na treni yake. Hawakuonana tena.

Koko alisema babu alilia njia yote hadi Masisi. Hakulilia kazi.

Nilichojifunza mimi, wakuu: ukweli uliochelewa bado ni ukweli, na unaweza kumwokoa mtu. Ila zile siku ulizonyamaza, kuna mtu aliziishi. Nina zangu pia, ndugu zangu. Labda ndiyo sababu situlii.

Sasa nawaachia ninyi. Mngekuwa Papa Buunda, mngempa babu yangu mkono? Niambieni bila kunionea haya, na kama kuna mtu wa Walikale humu ambaye wazee wake walifanya kazi depo ile, ajitokeze tuongee.