Kitufe cha Simu Nilichowagawia

Jamani, leo nimeitwa daktari wa ng'ombe!

Mnakumbuka kitufe cha "Piga simu" nilichowawekea kwenye grupu letu la watengeneza tovuti, mnakili na kubandika?

Asha kakibandika kwenye tovuti ya duka la dawa za mifugo, Handeni.

Na namba yangu ya mfano kaiacha humo humo!

Asubuhi kapiga mzee mfugaji wa Kwedizinga. "Daktari, ng'ombe wangu hainuki."

"Shikamoo mzee. Mimi si daktari."

"Marahaba. Sasa nifanyeje?"

Hasira zikaniisha. Nikampigia Asha, naye akawaambia wa dukani, na mganga wa mifugo wa pale akapanda bodaboda kwenda kwa mzee.

Sasa hivi mzee kapiga tena.

"Daktari, amesimama! Anakunywa maji."

Nimeshindwa kumkatalia huo udaktari.

Asha, badilisha hiyo namba leo hii.

Ila huyu mzee niachie.