Siku Tairi Langu la Nyuma Lilipovua Mtaa Mzima wa Kiseke

Hii sipendi kuisimulia, na nisingeisimulia kama watu wa Mabatini wasingekuwa wanaisimulia vibaya, wengine mpaka wanaongeza kwamba nilikuwa uchi, jambo ambalo ni uongo, aliyekaribia kuwa uchi ni mtu mwingine na nitamfikia. Basi bora niiseme mwenyewe na aibu yake niibebe mwenyewe, ila walioisababisha nitawataja kwa majina, kwa umri huu sina wa kumwogopa: nimepinduka na mtumbwi ziwani nikatoka nimekumbatia galoni tupu, nimeachwa na mke aliyeondoka na seremala aliyekuja kututengenezea kitanda (kitanda alikimaliza kwanza, nashukuru), sasa leo nimwogope fundi panchi?

Mhusika wa kwanza ndiye huyo, Masalu, fundi panchi wa hapo Mabatini. Ana pampu, ana beseni la maji la kutafutia tundu, na ana mdomo. Mimi kazi yangu ni pikipiki, lakini sibebi abiria, nabeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kupeleka sokoni, na kama unavyojua gunia moja halilipi, mawili ndiyo yanalipa, na la tatu ndilo faida. Sasa tairi la nyuma likawa linaisha kama sabuni ya kufulia. Nalifunga jipya lina meno kama mamba, wiki chache tu limekuwa kipara kama mimi, na likishakuwa kipara basi kila msumari wa Mwanza unalijua kwa jina. Naziba panchi asubuhi, nabeba, naziba panchi jioni. Mpira wa ndani ulikuwa na viraka juu ya viraka, mpaka nikawa sijui kama nimebaki na mpira au na viraka vilivyoshikana mikono.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani alisema nimelogwa. Dada yangu Kabula alisema ni kwa sababu siendi kanisani. Masalu akasema ni barabara. Hakuna hata mmoja aliyesema, Luhende, punguza gunia, au Luhende, hilo gurudumu la nyuma limekaa upande, cheni inalivuta, linajisugua. Masalu alikuwa anaona (siku hizi anakiri, na anacheka), lakini mtu anayekula kwa panchi zako atakuonyeshaje namna ya kutopata panchi?

Hayo yote ningeyavumilia kama si Perpetua. Perpetua ni mjane, watu wao ni wa Mara, wa kule ziwani, na anakaanga samaki pale mwaloni ninapopakilia, na ana kicheko ambacho ukikisikia unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Tulishaelewana, tena bila maneno mengi, ikabaki kwenda kwao Kiseke, kwa mama yake mzazi na kaka yake Majura. Huyu Majura ndiye mhusika wa pili. Alikuwa mwenyekiti wa walinzi wa mwalo, wale wanaokamata nyavu za timba, zile nyembamba za plastiki zilizopigwa marufuku kwa kuwa zinazoa mpaka vifaranga vya samaki, wakizikamata wanazichoma moto hadharani. Mtu mkali, filimbi shingoni hata kanisani. Na alikuwa ameshamwambia dada yake: "Huyo mbeba dagaa wako, kila nikimwona anasukuma pikipiki. Mtu anashindwa kutunza tairi, atakutunza wewe?"

Maneno yale yalinifikia, yakakaa hapa kifuani kama mwiba wa sato. Nikaapa kwamba siku ya posa Majura atasikia pikipiki yangu inakuja, inanguruma, na inaondoka yenyewe.

Sasa, kwa desturi muoaji haendi kuposa. Muoaji anabaki nyumbani anatafuna kucha, wanakwenda wazee wake kumsemea. Lakini wazee wangu wote walishatangulia, nimebaki na huyo dada Kabula, mama mzito wa mwili na wa maneno pia. Tukapanga hivi: nitambeba mpaka kona ya mtaa wao, atashuka, ataingia kwa heshima na kikapu chake cha sukari na vitenge, mimi nitajificha dukani. Mpango mzuri kabisa.

Asubuhi ya siku yenyewe natoka nje, tairi la nyuma limelala chini kama mlevi. Dada Kabula ameshavaa, amejifunga kilemba kirefu kama mnara wa simu.

"Mdogo wangu, tupande bajaji," akasema.

Neno moja tu lilihitajika hapo. Ningesema "haya", leo ningekuwa mtu wa heshima. Badala yake nikasukuma pikipiki mpaka kwa Masalu.

Masalu akautoa mpira, akautazama, akatikisa kichwa kama daktari. "Ngosha," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa Kisukuma, "huu tuuzike." Kisha akainama karibu na sikio langu. "Kuna dawa. Tairi lako halitapata panchi tena mpaka unakufa. Tunaondoa upepo. Panchi ni upepo kutoka, si ndiyo? Sasa kama upepo haumo, utatoka nini?"

Nawaambia ukweli, kwa kichwa changu cha darasa la tano nilitafuta kosa kwenye maneno yale nikalikosa. Akavuta gunia nyuma ya kibanda, limejaa nyavu kuukuu, akaanza kuzishindilia ndani ya tairi, anasokota, anapiga nyundo, anasokota, mpaka tairi likawa gumu kama gogo. Wavuvi wawili waliokuwa wanaziba panchi za baiskeli wakaacha kazi zao wakaja kushindilia nao, kila mtu anatoa ushauri. Tukamwaga misumari chini nikapita juu yake, nikarudi, nikapita tena. Hakuna kitu! Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiona nimetoka kiwandani.

"Na harufu je?" dada Kabula akauliza, ameziba pua kwa upindo wa kilemba.

"Harufu ya ziwa hiyo, shangazi," Masalu akasema. "Watu wa Mara wataona mmefika na baraka."

Tukaondoka. Ndugu zangu, furaha ile! Nilikuwa natafuta vitu vya kukanyaga. Chupa iliyovunjika, napita. Ringi ya baiskeli iliyochongoka, napita. Kwenye mataa nikamwambia dereva mmoja wa bodaboda, bila kuulizwa, "Mimi sina upepo," akanitazama akasogeza pikipiki yake pembeni. Dada Kabula nyuma anarukaruka kama mahindi kikaangoni, maana tairi lisilo na upepo halina huruma, kila shimo linakwenda moja kwa moja kiunoni. Akawa anasali kwa sauti. Mimi naimba.

Lakini jua likapanda na tairi likapata moto, na nyavu zilizokaa na samaki miaka zikipata moto hazikai kimya. Kwanza inzi. Halafu paka. Tulipokata kona kuingia njia ya vumbi ya Kiseke nilikuwa na paka watatu wanakimbia pembeni kama walinzi wa kiongozi.

Hapo ndipo tairi, kwa vile lilikuwa kipara na dada yangu si kikapu cha maua, likapasuka ubavuni. Sikusikia chochote. Pangekuwa na upepo lingelia "pwaa" ningesimama, lakini upepo tuliuondoa! Wavu ukachungulia, ukashika ardhi, ukaanza kutoka polepole nyuma yetu, mita kwa mita, na wavu kazi yake unaijua. Ukapita uani kwa mtu ukaondoka na kamba ya nguo na nguo zake zote. Ukachukua kuku mmoja na ndoo. Ukachukua pazia la gunia la bafu la nje, na humo bafuni alikuwamo mwanamume mzima, amejaa povu (ndiye huyo niliyewaambia nitamfikia), naye akatoka amejifunika beseni, anatukimbiza.

"Luhende," dada Kabula akasema taratibu sana, "kuna vitu vinatufuata."

Nikageuka. Nyuma yangu kuna vumbi, sketi, magauni, kuku anapiga kelele, mtu wa povu, na watu wanazidi kutoka majumbani, na mmoja akapaza sauti neno ambalo hutaki kulisikia ukiwa mgeni mtaani: "Mwizi! Mwizi wa nguo!"

Nyie mngesimama? Mimi nilishawahi kuona mtu anaitiwa neno hilo, sikusimama. Nikavuta mafuta. Na kadiri nilivyokimbia ndivyo nilivyovua. Dukani nilipotakiwa kujificha nilipita kama umeme, nikaondoka na kigoda cha muuzaji. Mlango pekee niliokuwa naujua Kiseke nzima ulikuwa wa kwao Perpetua, na ulikuwa wazi, kwa sababu walikuwa wanasubiri wageni.

Nikaingia. Wavu ukajifunga kwenye gurudumu, gurudumu likagoma, pikipiki ikasimama palepale, dada Kabula hakusimama. Aliruka juu ya kichwa changu na kikapu chake akaketi (sijui kwa neema gani) kwenye mkeka, katikati ya wazee wa kwao Perpetua, sukari imewamwagikia kama wameshabarikiwa. Naye, mwanamke shujaa yule, akarekebisha kilemba akasema, "Hodi. Shikamooni. Tumekuja kwa jambo la heri."

Nyuma yetu mtaa mzima ukajaa uani. Majura alikuwa ameshasimama. Hakuniangalia mimi, hakuangalia nguo, alishika ule wavu kwa vidole viwili, akaunyoosha juani, uso ukabadilika.

"Hii ni timba," akasema. "Timba! Ndani ya nyumba yangu! Kumbe magunia yako ya dagaa ndiyo unapitishia haya? Huyu hatoki hapa. Huyu ni wa kukabidhiwa kwa askari leo hii." Akapuliza filimbi.

Mimi mke nilishamwona anayeyuka. Nikataja. Nilimtaja Masalu kabla Majura hajamaliza kuvuta pumzi ya pili, nikamtaja na kibanda chake.

"Mpigie," Majura akasema. "Weka sauti kubwa, wote wasikie."

Nikapiga. Masalu akapokea kwa furaha. "Ngosha! Wameshakupa mke?"

"Masalu, hizi nyavu ulizitoa wapi?"

"Kwani zimeisha? Lipo gunia lingine."

"Nakuuliza ulizitoa wapi!"

"Si kwa mwenyekiti wao, yule mwenye filimbi, Majura! Anachoma moja watu waone, mbili zinatoka mlango wa nyuma. Kama unataka za kuvulia nikuombee, ila jiandae, jamaa ana njaa yule!"

Uani watu wote wakamgeukia Majura. Hata kuku alimgeukia. Majura akafungua mdomo, filimbi ikadondoka ikaning'inia. Kisha ndani ya nyumba, alikofichwa kama desturi inavyotaka, nikasikia Perpetua anaanza. Kile kicheko. Alijaribu kukizuia, kikatokea puani, kikashinda, akatoka mlangoni ameshika mbavu, machozi yanamtoka, na ukimwona hivyo huwezi kubaki, mtu wa povu akaanza, wazee wenye sukari wakafuata, na mimi niliyekuwa nakaribia kukabidhiwa kwa askari nikajikuta nacheka mpaka nimekaa chini.

Mama yao peke yake hakucheka. Bibi mfupi, mkavu. Akamwendea mwanawe. "Majura, nipe hiyo filimbi." Akaivaa. Akaipuliza, watu wote wakanyamaza. "Hilo lako tutalisikia kesho mbele ya watu wa mwalo. Wewe ndiye Luhende?"

"Shikamoo mama. Ndiye."

"Marahaba. Kama ni mkwe au ni mwizi bado sijajua. Nguo za watu zirudi, kwa mikono yako mwenyewe."

"Mama, sijui ipi ni ya nani."

"Perpetua anajua."

Basi tukaanza, wanaokatazwa kuonana tumeongozana mchana kweupe, mimi nimebeba sketi, magauni ya ndani, pazia la bafu na kuku, yeye anabisha hodi. "Shikamoo mama Happy. Huyu anaitwa Luhende, amekuletea gauni lako." Mlango wa pili: "Huyu anaitwa Luhende, samahani kwa kuku." Kila mlango ananitaja, kila mlango watu wananitazama juu mpaka chini, wanauliza anafanya kazi gani, ana watoto, mbona kipara. Yule wa bafuni nilimrudishia pazia lake, akatoa mkono kwa nyuma ya beseni akanipa, "Karibu mtaani, shemeji."

Tuliporudi bibi alikuwa amekaa na dada Kabula, wanakunywa chai yenye sukari iliyookotwa mkekani.

"Kabula," bibi akasema, "mtaa mzima umeshamwona na binti yangu, nyumba kwa nyumba, kabeba na nguo za ndani. Nikikataa sasa nitawaambia nini?"

Hivyo ndivyo nilivyooa. Majura walimvua uenyekiti, lakini ushemeji hauvuliwi, kila sherehe wananikalisha naye meza moja na hatusemezani, anapitisha chumvi kama anatoa rushwa. Masalu alikula pilau ya harusi yangu mara mbili. Na mimi pikipiki niliisukuma siku ile kutoka Kiseke mpaka Mabatini juu ya ringi, nikaenda kwa fundi mwingine, akalinyoosha gurudumu kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuisimulia habari hii. Siku hizi nabeba gunia moja na nusu, napima upepo kabla sijanywa chai, na tairi likianza kuwa kipara nalitoa bila kuomba ushauri wa mtu. Na wewe, siku fundi atakapokuapia kwamba tairi haliwezi kupata panchi, usibishane naye. Mkabidhi ufunguo, mwambie apande yeye aende kwa wakwe zake kwanza.